Buibui wa nyasi: tazama mkiani kwanza

Buibui wa jenasi ya Agelenopsis, wa Amerika Kaskazini, hufananishwa mno na buibui-mbwamwitu. Mgongo wenye mistari miwili myeusi haukati shauri, maana wote wanaweza kuwa nayo. Tazama nyuma ya tumbo: Agelenopsis ana viungo viwili virefu vya kutolea nyuzi, vimechomoza kama vijimkia.

Utando wake ni shuka bapa lenye shimo la faneli pembeni, na huonekana vizuri asubuhi kukiwa na umande. Haunati! Mdudu hujikwaa kwenye nyuzi, buibui akahisi mtikisiko, akachomoka shimoni kwa kasi ya ajabu. Ukigusa shuka kwa nguvu atakimbilia ndani. Ukitaka atoke umwone, gusa kwa ncha ya jani, taratibu.