Bweni la Msichana Mmoja

Januari 1999 nilikuwa Morogoro kwa mjomba, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mjomba alikuwa fundi wa mabango. Mimi niliosha brashi, nilipiga mistari kwa uzi wa chaki, na juu ya hayo nilikuwa mtaalamu wa Kiingereza. Yeye aliishia darasa la saba. Mkono wake ulitoa herufi kama za mashine, ila maneno ya Kizungu alinitupia mimi. "Msomi, niandikie kwenye karatasi, mie nachora."

Tukapata kazi kwenye sekondari moja ya bweni, milango mitano. Wa kwanza nikamwandikia GIRL'S DORMITORY. Ritifaa, kile kialama cha juu ('), nilikuwa naijua kwenye ng'ombe na ng'ambo. Kwenye Kiingereza niliirusha tu jirani na S, popote itakapoangukia. Mjomba akachora, nyeusi juu ya nyeupe, akarudi nyuma hatua tatu, akaridhika.

Mkuu wa shule alipita saa nne. Tukamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yako mlangoni. Akausukuma. Ndani vitanda vya chuma vya juu na chini, safu mbili, mpaka ukutani.

"Humu analala msichana mmoja?"

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama kopo la rangi.

Mama yule akatoa chaki mfukoni, akainama palepale kwenye sakafu ya baraza. "Mwanangu, mwandike kwanza mwenye mali, ummalize. Ni mmoja? GIRL. Ni wengi? GIRLS. Ukishammaliza ndipo unaweka ritifaa. Kisha S, ila kama wingi umeshakuletea S, huongezi nyingine." Akaandika GIRLS', akaandika na CHILDREN, akanipa chaki. Nikaweka CHILDRENS'. Akaifuta S yangu kwa soli ya kiatu.

"Childrens ndio akina nani? Children wameshakuwa wengi bila S. Weka ritifaa, ndiyo S ije."

Miaka yote ya shule nilikuwa nikiisikiliza S hiyo kwa sikio, na sikio halisaidii kitu: girls, girl's, girls', zote zinatoka mdomoni sawasawa. Isitoshe Kiswahili kilikuwa kimenizoesha vingine. Bweni la msichana, bweni la wasichana. "La" inalitii bweni, na mabweni yakiwa mawili inageuka "ya". Mwenye bweni haguswi. Kwa Waingereza bweni ndilo haliguswi, anayepigwa muhuri ni mwenyewe.

Tulifuta kwa thina na tambara mpaka nyeupe ikawa rangi ya maji ya ufuo, tukapaka upya, tukangoja ikauke. Bweni la wavulana na la pili la wasichana sikukosea. TEACHERS' OFFICE pia. Niliwahesabu kabisa walimu waliokuwa wamekaa humo ndani wakisahihisha madaftari.

Ukabaki mlango wa mkuu mwenyewe. Nikapiga hesabu: neno limeishia na S, basi siongezi. HEADMISTRESS' juu, OFFICE chini. Mjomba alipima herufi zikajaa kibao kizima, ukingo hadi ukingo, kazi safi kuliko zote za siku ile. Nikamwita mama aje aone, na kifua mbele.

Akasoma. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Mimi ni wangapi?"

"Mmoja, mwalimu."

"S hizo ni za cheo changu, si za wingi. Nami nataka yangu."

Nafasi haikuwepo. Mjomba akachukua brashi ndogo kuliko zote, akabana pumzi, akaichomeka S baada ya ritifaa, nyembamba, imekaa upandeupande kama konda mlangoni mwa daladala iliyojaa. Njiani hakusema neno. Jioni alipohesabu posho yangu, alikuwa ameshakata pesa ya thina.