Joto la Julai

Julai ni mwezi wa kujifunika shuka hapa Dar es Salaam, kwa sababu kusi huwa limeshaupooza mji na feni nyingi zimepumzishwa. Ndiyo maana nilipoamka saa nane za usiku mwezi huo, mwaka jana, khanga niliyolalia ikiwa imelowa kifuani na mgongoni kama ya mtu aliyenyeshewa, nilijua pana jambo. Ingekuwa Februari nisingeshtuka, kwa kuwa Februari Tabata nzima huamka imelowa.

Asubuhi nilikwenda kupima malaria, na malaria haikuonekana. Baada ya wiki mbili joto lile lilinikuta mchana ndani ya mwendokasi: lilianzia kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni, likakaa dakika chache, kisha likaondoka na kuniachia kibaridi cha jasho linalokauka. Homa haina mwendo wa namna hiyo.

Nilimweleza mama mdogo. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Siku zinakuaga hizo, mwanangu. Hebu katazame kalenda yako."

Nilikuwa na miaka 46, nami niliamini kwamba kukoma hedhi ni habari ya bibi zetu. Kumbe wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na safari yenyewe huanza miaka kadhaa kabla, kwa wengine hata kabla ya kutimiza 40. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani nikafundwa na kungwi namna ya kuzipokea siku zangu. Namna ya kuagana nazo hakuna aliyenifunda.

Kalenda ya jikoni, ambayo huizungushia duara kwa kalamu kila siku ya kwanza ya hedhi, ilikuwa imeshasema kabla ya mwili kutoa jasho. Mzunguko wangu uliozoea siku 28 ulikuwa umekuja kwa siku 23, ukafuata wa 36, kisha 25. Wataalamu huhesabu kwamba tofauti ya siku 7 au zaidi kati ya mzunguko mmoja na unaofuata, ikijirudia, ndiyo mlango wa kipindi hiki, na pengo likifika siku 60 mtu ameshasogea mbali. Sababu ni kwamba mayai yanapopungua, homoni ya estrojeni haishuki taratibu kama ngazi, bali hupanda na kuporomoka. Mwezi ambao yai halikutoka, projesteroni, homoni mwenzake, nayo hukosekana, ukuta wa mji wa mimba ukaongezeka unene, na damu ikaja nyingi kupita kawaida.

Usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, ukavu ukeni, kusahau nilichofuata chumbani, na ile hasira iliyonifanya nimgombeze mwanangu kwa ajili ya kijiko: vyote hivyo nilikuwa nimevibebesha foleni na ada za shule.

Daktari hakuniandikia kipimo cha homoni, akisema kwa umri wangu homoni hubadilika mno kiasi kwamba kipimo cha siku moja hakitoi jibu la maana. Alipima wingi wa damu, tezi ya thairoidi na, kwa mshangao wangu, ujauzito, kwani mtu anaweza kushika mimba hadi itimie miezi 12 mfululizo bila hedhi. Alilosisitiza kwa sauti ya ukali kidogo ni kwamba damu inayotoka kati ya hedhi moja na nyingine, baada ya tendo la ndoa, au baada ya miezi hiyo 12, isisingiziwe umri hata mara moja. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Nilifanyiwa uchunguzi wa saratani hiyo siku ileile.

Leo ni siku ya 41 tangu duara la mwisho. Kalamu nimeifunga kwa uzi kwenye msumari wa kalenda, watoto wasiichukue, na usiku huweka khanga ya pili, kavu, kando ya mto.