Seli za mkonge zilikuwa zinamwagwa, nilivyopima kama bado ziko hai

Nafanya kazi kwenye maabara moja ndogo hapa Tanga, tunakuza seli za mkonge ndani ya midia ya maji, yaani maji yenye virutubisho, chupa zinakaa juu ya sheka, mashine inayozizungusha usiku na mchana ili seli zipate hewa. Sasa siku moja umeme ukakatika saa nne usiku, jenereta likagoma, sheka ikasimama mpaka alfajiri, na joto la kaskazi mnalijua wenyewe. Asubuhi seli zote zimelala chini. Dokta akaniambia pima, kama zaidi ya nusu zimekufa mwaga tuanze upya, na chupa zile zilishatula miezi saba.

Nikachukua rangi ya Evans blue. Seli hai utando wake hauipitishi, iliyokufa utando umeshaharibika kwa hiyo inanywa rangi inakuwa buluu. Nikahesabu seli 200, buluu 150. Roho iliniuma sana.

Nikiwa njiani kumwambia Dokta nikakumbuka sijaweka za kulinganisha. Nikarudi, nikachukua seli za chupa iliyokuwa chumba chenye betri, hizo najua ni nzima, nyingine nikazichemsha dakika kumi zife kabisa, zote nikazitia rangi vilevile. Za kuchemsha zikawa buluu zote, sawa, ila na zile nzima nazo nyingi buluu! Hapo ndo nikajua kosa liko kwenye upimaji. Seli za mkonge zinashikana mabonge mabonge, rangi inanasa katikati yake na mimi sikuwa nimesuuza, ukichungulia kwenye hadubini unaona kama iko ndani ya seli kumbe iko nje. Nikachuja mabonge kwa wavu mwembamba, nikatia rangi dakika tano, nikasuuza kwa midia ileile mpaka ikatoka haina rangi. Safari hii nzima buluu 12 tu kati ya 200, za kuchemsha zote, za usiku ule 56.

Bado nikataka ushahidi wa pili, nikatumia FDA (fluoreseini diasetati). Yenyewe haina rangi, unaiyeyusha kwenye asetoni unaiweka friza gizani, ikiingia kwenye seli hai vimeng'enya vinaikata inakuwa fluoreseini na utando mzima unaizuia isitoke, ukimulika kwa mwanga wa buluu inang'aa kijani. Tafadhali ichanganye na maji muda huohuo wa kutumia, ikikaa inakatika yenyewe halafu unaona kijani kila mahali. Nilikuta seli moja ndefu, kiini kimekaa katikati na nyuzi za kijani zimetoka pale mpaka ukutani, nikaitazama mpaka kijani kikaanza kufifia. Zilizong'aa 141 kati ya 200, yaani rangi mbili zinasema kitu kimoja.

Nikamwonesha Dokta hesabu zote pamoja na za kulinganisha. Nikamwambia Dokta, mkonge wenyewe yule Mjerumani Hindorf alipouleta huku 1893 vichipukizi 1000 vilitoka Florida vikafika vizima 62 tu, na mashamba yote ya Pangani mpaka Korogwe yakaanzia hapo, sisi tuna asilimia 70 hai tunamwaga nini? Akakubali. Jioni ileile tukazihamishia kwenye midia mpya, siku ya tisa nikitikisa chupa zinakwenda nzito kama uji.