Nilivyojifunza kujenga chutti

Kerala Kalamandalam, chuo kilichoanzishwa na mshairi Vallathol Narayana Menon mwaka 1930, kipo Cheruthuruthy, karibu na mto Bharathappuzha, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Wengi huenda kujifunza kucheza Kathakali, mchezo wa jadi wa kuigiza hadithi kwa ngoma. Mimi nilifuata chutti, ule ukingo mweupe unaozunguka taya za mchezaji, ambao pale ni fani ya kusomewa peke yake.

Kazi yote iko kwenye rojo. Mchele mbichi unalowekwa, unasagwa hadi kidole kisisikie chenga, kisha unachujwa kwa kitambaa. Halafu chokaa, ya aina ile ile inayoliwa na tambuu. Hapo ndipo nilipoharibu sana. Chokaa ikipungua, rojo likikauka linabanduka kama ganda. Ikizidi inachoma ngozi, na mchezaji atakaa nayo saa nyingi. Nikazoea kutia kidogo kwa ncha ya kidole, kukoroga, na kujipaka kwanza mwenyewe kifundoni mwa mkono.

Mchezaji hujichorea mistari yake, kisha hulala chali mkekani, kichwa kikiwa magotini pako. Uso unauona juu chini, ndiyo maana mkono mgeni hutoa shavu moja nene na jingine jembamba. Dawa yake: anzia katikati ya kidevu, pandisha mstari mwembamba hadi karibu na sikio, rudi kidevuni ufanye upande wa pili, ndipo uongeze tabaka. Ukikamilisha upande mmoja kwanza, hutaulinganisha tena. Na pafutwe mafuta kabla, maana rangi za Kathakali huchanganywa na mafuta ya nazi, na rojo halishiki penye mafuta.

Zamani ukingo wote ulikuwa rojo tupu, tabaka juu ya tabaka. Siku hizi karatasi nyeupe ngumu hukatwa kwa kufuata taya na kusimikwa kwenye rojo lingali bichi. Ukichelewa, haishiki. Mchezaji asiongee wala asicheke. Wengi hulala usingizi kabisa, na hao ndio rahisi.

Akiinuka humalizia rangi mwenyewe, kijani kwa mashujaa. Maonyesho ya jadi hukesha, na ukingo ukiachia huanzia kwenye pembe ya taya, ambako ngozi husogea zaidi. Kwa hiyo kabla hajainuka mimi huongeza rojo kidogo pale, nyuma ya karatasi, kwa njiti ya chelewa.