Kiganja Juu ya Habu

Juzi tulipokuwa tunakwenda kuishusha mashua tulisimama njiani, nikashuka, nikalizunguka tela na kuweka kiganja juu ya habu ya kushoto, ile sehemu ya katikati ya gurudumu, kisha ya kulia. Mdogo akachungulia dirishani. "Baba, kwani kila tukisimama lazima uyasalimie magurudumu?"

Nikamwambia napima moto. Ndivyo, ila si hivyo tu. Nilikuwa nimeisikia tena ile harufu, au nilidhani nimeisikia.

Enzi za mashua ya kijani, kaka bado anakaa nasi, tulilishughulikia lile tela dogo majuma matatu. Tulilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, tukalipaka rangi ya kuzuia kutu. Mbao za kulalia mashua zilikuwa zimeoza kwenye matundu ya boliti; tukaweka mpya na kuzivika zulia. Kamba ya waya ya winchi, ile iliyokuwa ikituchoma vidole kwa nyuzi zake zilizokatika, tukaiondoa, tukafunga mkanda. Taa ndizo zilizotuchelewesha: ukiwasha ya kukatia kona, ya breki nayo inapepesa. Kumbe waya wa ardhi ulikuwa umefungwa kwenye boliti yenye kutu. Tulipouvuta waya wake mpaka mbele, zikatulia. Tangu hapo taa za tela lolote zikicheza, mimi naanzia huko.

Siku ya kwanza kabisa kaka alisema, "Tufungue habu kwanza." Nililiinua gurudumu kwa jeki nikalizungusha. Likaenda bila kelele. Nikamwambia hizi nzima, tutazifungua mwishoni. Na mwisho ulipofika rangi ilikuwa imekauka, tela linapendeza, na mimi nataka maji.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili pia. Ya tatu, niliona kwenye kioo cha pembeni kitu kama vumbi kikifuata gurudumu la kushoto, na lami ilikuwa kavu, haina vumbi. Halafu harufu ikaingia: grisi inayoungua, nzito, inakaa kooni. Niliposimama gurudumu lilikuwa limelala upande, juu limeingia ndani, tairi linagusa chuma chake. Rangi yetu mpya pale karibu na habu ilikuwa imefura malengelenge.

Tulingoja ipoe. Kaka hakusema neno. Alitandaza gunia chini, akapanga spana, nyundo na bisibisi kama mtu aliye nyumbani kwake, na ilipopoa akakigonga kile kifuniko cha mbele kikadondoka. Ndani hapakuwa na grisi tena, palikuwa na masizi. Kizimba cha beringi, kile kinachozishika rola mahali pake, kilikuwa kimevunjika vipande vipande, na rola zake, zile chache zilizobaki, zilikuwa zimegeuka buluu na zambarau kama shingo ya njiwa. Ni rangi nzuri, na ndiyo maana inaniumiza hadi leo. Chuma hakipati rangi ile bila kuungua. Pete ya ndani ilikuwa imeng'ang'ania ekseli. Akailaza patasi nyuma yake akawa anagonga kidogo upande huu, kidogo upande ule, muda mrefu, jasho likimdondokea mikononi. Ilipotoka, ekseli chini yake ilikuwa imechubuka kama imetafunwa.

Kisha akafungua habu ya kulia, ambayo haikuwa na tatizo. Grisi yake ilikuwa nyeupe, laini kama maziwa. Akaichota kwa kidole akanionyesha. "Maji haya."

Akanieleza palepale, tumekaa kwenye ukingo wa barabara. Habu inapata moto kwa mwendo. Ukifika tu ukalirudisha tela majini, hewa iliyomo ndani inapoa ghafla, inasinyaa, na habu inavuta maji kupitia sili, ile pete ya kuziba, ikiwa imechakaa. Maji yakishaingia hayatoki. Chumvi inafanya kazi usiku, tela likiwa limeegeshwa, na gurudumu ukilizungusha kwa mkono bado litakwenda kimya.

Kimya. Neno hilo alilisema bila kunitazama.

Yaliyofuata ni kazi tu. Ekseli hatukuihangaikia, tukafunga nyingine iliyopakwa zinki, na habu mpya, na sili mpya, na vifuniko vyenye springi ndani vinavyoisukuma grisi iwahi nafasi kabla ya maji. Boliti za springi nazo tukazibadilisha. Beringi za mwanzo alizijaza yeye. Za upande wa pili alinipa mimi: grisi kwenye kiganja cha kushoto, beringi kulia, unaibonyeza kwa ule upande mpana, unabonyeza tena, mpaka grisi ichungulie juu katikati ya rola. Nati unaikaza huku gurudumu linazunguka, unailegeza, unairudisha kwa vidole tu, ndipo unatia pini.

Kaka sasa anaishi mbali. Tunapigiana simu, tunaongea habari za watoto. "Nilikwambia" hajawahi kulisema, wala mimi sijawahi kumwambia kwamba siku ile nilimsikia vizuri. Mara nyingine nafikiri alikwisha kusahau.

Juzi mdogo alishuka naye. Akaweka kiganja chake kushoto, akazunguka, akaweka kulia, uso umekunjamana kama wa fundi. Akarudi tena kushoto.

"Baba, hii ina moto zaidi."

Jua lilikuwa upande huo. Nikaweka mkono wangu karibu na wake, nikauacha hapo, kisha nikaenda kutoa jeki.