Nilivyodai fidia ya ajali Texas mpaka nikalipwa

Nianze na lililonikera: ushauri. Watu wanakushauri kwa sheria za jimbo wanaloishi wao, wakati sheria inayokuhusu ni ya pale ulipogongwa.

Mimi niligongwa Dallas, kwenye makutano yenye taa. Nakwenda moja kwa moja, kijani yangu, jamaa wa upande wa pili akakata kushoto mbele yangu. Mliozoea Dar au Nairobi mkumbuke huku tunaendesha kulia, kwa hiyo anayekata kushoto ndiye anayekatiza njia ya wenzake, na sheria ya Texas inamtaka apishe kwanza. Rafiki mmoja akanipigia nikiwa bado barabarani, shingo imekaza: "Dada, msiite polisi, malizaneni." Niliita polisi. Ripoti yao ikaandika kwamba mwenzangu hakupisha.

Binamu yangu wa Minneapolis naye akasema nisihangaike, bima yangu mwenyewe ndiyo inalipa hospitali. Kwao ni kweli. Minnesota bima hiyo ni ya lazima, angalau dola 20,000 za matibabu, bila kujali nani kakosea. Texas mkosaji ndiye analipa.

Ila nilipochimba nikakuta hata Texas kipo kitu cha namna hiyo, kinaitwa PIP. Kampuni ya bima lazima ikuwekee, isipokuwa uwe umeikataa kwa maandishi. Hapo ndipo niliposhikilia. Nikaipigia kampuni yangu, dada wa huduma kwa wateja akanijibu, "Hukuchukua PIP." Nikamwambia bima nilinunua kwa simu, naomba karatasi yenye sahihi yangu ya kuikataa. Akaniacha na muziki, akarudi: "Mfumo unaonyesha uliikataa." Nikamjibu sikuomba mfumo, nimeomba sahihi. Akanipa msimamizi wake, naye akaanza kunieleza faida za mkataba wangu. Nikarudia maneno yaleyale, kisha nikayaandika kwenye barua pepe ili yabaki. Kimya. Baadaye ikaja barua: PIP ninayo, dola 2,500, kima cha chini. Ikalipa sehemu kubwa ya fiziotherapia, na asilimia 80 ya mshahara wa siku nilizokosa kazini hadi pesa ikaisha. Nilifurahi mno.

Afisa wa madai wa bima ya mwenzangu alikuwa mpole sana kwenye simu, akaomba arekodi maelezo yangu. Nilikataa, sheria hainilazimishi kurekodiwa na bima ya mtu mwingine. Akageuza: eti nilikuwa mbio. Hilo si dogo, maana Texas lawama zako zikivuka asilimia 50 hupati kitu, na zikiwa chini ya hapo fidia inapunguzwa kwa kiasi hichohicho. Bahati nzuri nilishawahi duka la matairi pale kona kabla kamera yao haijafuta picha. Mwenye duka, mzee wa Kimeksiko, alinisogezea kiti tukatazama pamoja: gari la pembeni linakwenda sambamba na langu, na lile jingine linakata bila taa za breki kuwaka hata kidogo. Nikamtumia afisa. Habari za mbio zikaishia hapo.

Ofa ya kwanza ilikuwa kama elfu moja na kitu, na hati ya kusaini kwamba sidai tena. Usisaini hati hiyo kama bado unatibiwa, ukisaini umefunga. Nilingoja tabibu aniruhusu, nikapeleka bili zote, nikapata mara kadhaa ya hiyo. Wakili sikuweka kwa sababu sikuvunjika. Mara nyingi wakili huchukua kama theluthi ya fidia, na kwa aliyevunjika mfupa ningesema amweke.

Binamu aliniambia nina miaka 6 ya kufungua kesi. Huko kwao. Texas ni miaka 2, inahesabiwa tangu siku ya ajali. Ripoti ya polisi hapa inaitwa CR-3, unainunua mtandaoni kwa dola 6. Ichukue mapema uisome yote, hasa mchoro na sehemu ya sababu za ajali.