Siku ya vijiti bondeni

Mfunguo Mosi ya 2023, masika yakiwa yameshakolea, wakaazi wa shehia tatu za upande wa mashariki ya mji wa Unguja waliitwa skuli waseme wanataka bustani ya umma ya namna gani katika bonde lililobaki baina yao. Hekta kama 40: mpunga chini, minazi pembeni, muhogo na viazi vitamu kwenye miinuko, na nyumba mpya zinazidi kulisogelea kila upande. Mimi niliitwa kwa ajili ya kazi yangu ya vitalu vya miti, nijibu masuala ya kipi kitaota wapi.

Haja ilikuwepo. Sensa ya 2022 ilikuwa imeonesha Mkoa wa Mjini Magharibi una watu karibu laki 9, na ile ya 2012 ilihesabu chini kidogo ya laki 6. Bustani tulizozizoea, Forodhani, Jamhuri, viwanja vya Mnazi Mmoja na Maisara, zote ziko upande wa pwani. Mtu wa mashariki akitaka kivuli cha kukaa na wanawe bila ya kununua kitu, anapanda daladala.

Ukutani palibandikwa mchoro wa rangi: ziwa la bluu katikati, mgahawa, kidaraja, na njia moja ya mviringo ya kutembelea jioni. Mawazo yakaanza kumiminika. Mabembea. Uwanja wa mpira. Pahala pa wanawake kufanyia mazoezi bila ya kutazamwa. Taa, vyoo, bustani ya viungo, msikiti mdogo, na kijana mmoja akataka kima punju waletwe kutoka msitu wa Jozani. Karani aliandika mpaka karatasi zikamjaa, na hakuna wazo lililogombana na jengine, maana karatasini kila kitu kinaenea. Ndipo mzee mmoja, ambaye mamaake alilima mpunga bondeni mle, akauliza ziwa lile limechorwa la kiangazi au la masika. Mchoraji akajibu kuwa ni ziwa tu.

"Basi tushuke," akasema mzee. "Saa hizi ziwa lipo, na halipo hapo ulipolichora."

Sheha akakubali. Vikakatwa vijiti vya mvinje, vikafungwa vipande vya kitambaa: chekundu cha maji, kijani cha miti, cheupe cha njia, cha manjano cha mengineyo. Mwenye wazo alishuka akalichomeka mwenyewe. Lisilopata pa kuchomekwa halikuandikwa tena, na kwa kanuni hiyo peke yake orodha ikapungua karibu nusu.

Maji ndiyo yaliyochukua muda mrefu zaidi, na yalistahiki. Bonde lina udongo wa namna tatu, na kila mkulima wa pale anazijua kwa majina: kinongo kwenye miinuko, mwekundu, unaokunywa maji, kinamo chini, mzito, unaonata masika na kupasuka kiangazi, na upande mmoja uwanda, mawe yamejitokeza na udongo ni kiganja tu. Tulichimba mashimo ya sentimita 30 kwa upana na 60 kwenda chini, moja kwa kila udongo, tukayajaza maji, tukayaacha yanywe, tukajaza tena ndipo tukapima kwa rula kila nusu saa. Kujaza mara ya pili ni lazima. Shimo likinywa mara ya kwanza hudanganya, hasa kwenye kinongo, kwa sababu udongo wa pembeni haujashiba. Kwenye kinongo maji yalishuka yakionekana kwa macho. Kwenye kinamo rula ilikaa pale pale.

Vijana wa mpira walikuwa wamechomeka vijiti vyao vyote juu ya kinamo, kwa kuwa ndipo palipo bapa. Wapenda ziwa nao walichomeka hapo hapo. Wakazozana, na katika mzozo huo ndipo likatoka jambo lililokuwa bora kuliko mchoro mzima: bwawa dogo la kudumu likae kwenye kinamo, na uwanja upandishwe ngazi moja, ukingoni kinongo kinapoanza, uchimbwe nusu mita chini ya ardhi inayouzunguka. Mvua ya kawaida inaishia bwawani. Mvua kubwa inapanda uwanjani, inakaa, kisha inaondoka.

Hesabu tuliifanya pale pale. Uwanja wa mita 100 kwa 64 una eneo la mita za mraba 6,400. Ukijaa nusu mita unabeba mita za ujazo 3,200. Mvua ya milimita 80 kwa siku, ambayo masika huileta bila ya kuuliza, ikinyesha juu ya hekta 10 za mapaa na barabara, na nusu yake ikakimbilia bondeni, ni mita za ujazo 4,000. Kwa hiyo bwawa lazima liwe na nafasi ya kupokea 800 zilizobaki juu ya maji yake ya kila siku. Watu waliowahi kusimama Mwanakwerekwe masika, gari zimezama mpaka milango, hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Bibi mmoja akaleta suala la mbu, na ndilo linalopaswa kuulizwa. Katika joto letu mbu hutoka yai mpaka kuruka kwa kiasi cha wiki moja, basi uwanja ukikauka ndani ya siku 3 hawana nafasi. Ili ukauke, chini kabisa panatakiwa bomba la kutolea lenye wavu wa chuma mdomoni, na wavu usafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, halafu baada ya kila mvua kubwa. Mipango mingi ya namna hii hufa hapo, penye wavu uliozibwa na chupa na majani ya mgomba, ambao kila mtu anaupita akisema kuna watu wa kazi hiyo. Maji yanapoingilia nako kuchimbwe shimo la kunasa mchanga, mita 2 kwa 3, kina kisichozidi mita 1 ili mtu wa sepetu afike chini. Bila ya shimo hilo mchanga wa mitaani utalala uwanjani, nyasi zitakufa kwa viraka na bomba litaziba.

"Na maji ya makaro?" akauliza bibi yule yule. Kimya. Kila aliyejenga ukingoni anajua karo lake, shimo la maji machafu ya choo, hufanya nini masika. Tukakubaliana liandikwe bila ya kupambwa: bwawa si la kuogelea, mafunjo yaoteshwe penye mlango wa maji, uwanja usichezewe mpaka ukauke, na makaro ya ukingoni yatengenezwe kabla ya jiwe la kwanza la bustani. Sharti hilo halikumfurahisha mtu, nami naliona ndilo lililokuwa muhimu kuliko yote ya siku ile.

Njia zilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu zilishakuwepo. Kinamama na wanafunzi walichomeka vijiti vyeupe juu ya vichochoro wanavyovipita kila siku: nyumbani kwenda kituo cha daladala, skuli kwenda madrasa, msikitini kwenda dukani. Njia ya mviringo ya mchoro haikupata kijiti hata kimoja. Ukiijenga ile na kuziacha hizi, watu watakata nyasi kwa miguu na baada ya mwaka utakuwa na njia mbili, moja ya pesa na moja ya watu.

Upana tulikubaliana mita 2.5. Kwenye kinongo inatosha kuondoa udongo wa juu, kumwaga kokoto sentimita 10, kushindilia, na kumalizia kwa vumbi la kokoto. Kwenye kinamo hivyo havisimami. Kokoto huzama kwenye tope masika ya kwanza. Pale njia iinuliwe sentimita 30 kwa mawe makubwa kwanza, na kila maji yanapokata yawekewe karavati. Njia ilale upande mmoja, sentimita 5 kwa upana wake wote, maji yasipate pa kusimama. Mwalimu mmoja alitaka njia ya mbao kama ile ya kwenye mikoko ya Pete, karibu na Jozani. Ile inapendeza, lakini ina wageni wanaolipa kiingilio na watu wa kubadilisha ubao ukioza. Mjini, pahala pasipo mlinzi, ubao uliolegea ni kuni.

Bodaboda zilileta kelele. Ukiweka vigingi vya kuzizuia, mwenye kiti cha magurudumu naye anazuilika, kwa sababu anahitaji karibu sentimita 90 na pikipiki inapenya hapo hapo. Kilichokubalika ni vizuizi viwili vya chuma vilivyopishana, kiti cha magurudumu kikate kona polepole na mwenye pikipiki alazimike kushuka na kusukuma. Haimzuii aliyedhamiria. Inamchosha, na kwa njia ya mkato kuchosha kunatosha.

Miti nayo ilikuwa na ushabiki wake. Watu walitaka miti 1,000 ipandwe mara moja. Mche uliopandwa masika unavuka hadi vuli bila ya taabu kubwa. Unakufa Januari na Februari, kaskazi ikipiga na mvua hakuna. Kila mche unataka ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika ukame wa miaka miwili ya mwanzo. Miche 1,000 ni lita 40,000 kwa wiki, yaani magari manne ya maji ya lita 10,000. Nani atayalipia? Tukashuka mpaka 300 kwa mwaka, kila mtaa na sehemu yake na bomba lake la karibu. Shimo sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na urudishwe wa kwanza pamoja na samadi iliyooza. Kwenye kinamo mche upandwe juu ya tuta, si shimoni, ama sivyo mizizi huzama na kuoza. Kiriba, mfuko wa mche, kichanwe chote. Mche uliokaa sana kitaluni mizizi yake hujizungusha, na mti huo huja kuanguka ukiwa mkubwa, siku ya upepo, pasipo sababu ya kuonekana.

Mwembe usiwe karibu na nyumba: msimu wa embe ni msimu wa mawe juu ya mabati. Mzambarau usiwe juu ya njia, zambarau zilizopondeka huteleza na hutia doa kanzu. Mkungu ndio wa kuwekea mabao ya kukalia, kivuli chake kipana. Mivinje tuliikubali kwenye mstari wa upepo tu, kwa kuwa penye zulia la majani yake hakuoti kitu.

Kima punju wakakataliwa, na kijana wa watu akasononeka. Ni kweli katika miaka ya 1970 baadhi yao walihamishiwa Masingini, na wengine Ngezi kule Pemba, lakini ile ni misitu. Jozani kwenyewe, pamoja na ukubwa wake, ilibidi barabara itiwe matuta kwa sababu gari zilikuwa zinawaua. Bonde lililozungukwa na mbwa na lami litawamaliza. Komba, popo na ndege watakuja wenyewe miti ikizaa, ilimradi mapipa ya taka yawe na vifuniko vizito. Kunguru wa Kihindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ati wasafishe taka, na mpaka leo penye pipa wazi hawaachi yai wala kinda la ndege mwengine.

Taa na vyoo vilipita haraka: taa fupi za njiani, zisimulike miti, vyoo langoni, juu kwenye kinongo, penye mtu anayelipwa. Makaburi yaliyopo yakazungushiwa vijiti na hakuna aliyejadili. Kinamama wanaokata majani ya ng'ombe waliombewa sehemu yao, wakate kwa zamu, nayo ni faida kwa bustani kwani ni ufyekaji wa bure.

Iliyobaki ni minazi, na hapo hatukuafikiana. Kwetu ardhi ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, lakini mti una mwenyewe. Minazi ya pembeni mwa bonde ilipandwa na watu waliopewa zile eka tatu za serikali baada ya Mapinduzi, na warithi wao, na nazi zake zinalipa ada za skuli. Upande mmoja ulitaka wenyewe walipwe mara moja na minazi iwe ya umma. Upande wa pili ulitaka waendelee kuangua kila baada ya miezi mitatu, wakibeba wao jukumu la nazi kavu zisimwangukie mtu. Kwa mtazamo wa kazi, wa pili walikuwa na hoja nzito: mnazi usioanguliwa ni hatari, na hakuna mkwezi anayepanda kwa bidii kama anayekwea mali yake. Wa kwanza nao waliuliza, je, mwenyewe akifa na warithi wakiwa sita? Jambo moja tu lilikubaliwa na wote, kwamba mabembea yakae mita 6 au zaidi kutoka shina la mnazi wowote.

Karani akaziandika hoja zote mbili kurasa mbalimbali, kila moja na majina ya waliosimama nayo, na namba ya kila kijiti ikatiwa kwenye mchoro mpya uliochorwa kwa kalamu juu ya ule wa rangi. Sheha akapiga muhuri kurasa zote, ya minazi pia, na hivyo ndivyo zilivyopelekwa.